Rangi ya damu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yametoka kwenye mabenchi ya maabara, kwenye mahema ya kuchangia damu, na kwa akina mama wanaoleta watoto kupimwa malaria. Yamekusanywa huku Uganda ya mashariki, Busia na Tororo, mahali ambapo Kiswahili ndicho lugha ya soko na stendi. Karibu yote yanaanzia mahali pamoja: mtu ameona damu yake, rangi haikuwa ile aliyoitarajia, hofu ikamwingia. Soma kuanzia popote. Swali likigusana na lingine, utaelekezwa.

## Mambo ya msingi

Damu ya binadamu ina rangi gani hasa?

Nyekundu, ikiwa mwilini na ikiwa nje. Kinachobadilika ni ukolevu wake. Damu inayotoka mapafuni ikiwa imebeba oksijeni ni nyekundu ya kung'aa. Ile iliyokwisha kugawa sehemu ya oksijeni na sasa inarudi moyoni ni nyekundu iliyokolea, hata ikakaribia zambarau. Buluu haifiki.

Wekundu huo unatoka wapi?

Unatoka kwenye hemoglobini, protini iliyojaa ndani ya seli nyekundu za damu. Kila molekuli ya hemoglobini ina sehemu nne zinazoitwa hemu, na katikati ya kila hemu kuna atomu moja ya chuma. Chuma hicho ndicho hushika oksijeni mapafuni na kuiachia kwenye misuli, ubongo na kwingineko. Hemu hunyonya sana mwanga wa buluu na wa kijani, ukabaki mwekundu kuyafikia macho yetu. Oksijeni ikishikwa au ikiachiwa, hemu hubadilika kidogo namna inavyonyonya mwanga, ndiyo sababu ya zile nyekundu mbili za swali lililotangulia.

Wapo wanaosema damu ni nyekundu kwa sababu ya kutu. Sivyo. Mwili mzima wa mtu mzima una gramu 3 hadi 4 tu za chuma, na hicho hakikai kama msumari; kile cha kwenye hemoglobini kimefungwa ndani ya hemu, na rangi ni kazi ya hemu pamoja na chuma chake.

Mbona michoro ya shuleni ina mishipa myekundu na ya buluu?

Ni makubaliano ya wachoraji, ili mwanafunzi atofautishe ateri zinazotoa damu moyoni na vena zinazoirudisha. Mwalimu asipolisema hilo waziwazi, mtoto huondoka darasani akiamini kuna damu ya buluu, na imani hiyo hukaa naye hadi uzeeni.

Lakini mishipa ya mkononi mwangu naiona kwa macho yangu ni ya buluu.

Unachokiona ni mwanga, wala si damu yenyewe. Mwanga mwekundu hupenya ngozi kwa kina zaidi, ukifika kwenye vena hunyonywa kwa sehemu kubwa na damu iliyomo. Mwanga wa buluu haufiki mbali. Ngozi huutawanya na kuurudisha nje mapema. Kwa hiyo pale penye vena panarudisha wekundu pungufu kuliko ngozi inayopazunguka, na ubongo unaolinganisha sehemu hizo mbili unasoma "buluu". Kwa wengi wetu wenye ngozi nyeusi mishipa hiyo huonekana ya kijani, au haionekani kabisa, na mchukua damu huitafuta kwa kidole.

Niliambiwa damu ni buluu ndani na hugeuka nyekundu ikigusa hewa. Ni kweli?

Hapana, na kila siku maabara inathibitisha. Tyubu za kuchukulia damu zimeondolewa hewa ndani. Ndiyo maana damu hujivuta yenyewe sindano ikishaingia. Damu inatoka kwenye vena, inapita kwenye sindano, inaingia kwenye tyubu isiyo na hewa, na ni nyekundu iliyokolea tangu mwanzo hadi mwisho.

Imani hii ina chembe ndogo ya ukweli ndani yake: damu ya vena ikikaa wazi hunyonya oksijeni ya hewani na kung'aa zaidi. Inatoka nyekundu moja kwenda nyekundu nyingine. Mabadiliko hayo tunayatumia kugundua hali fulani ya hatari, tazama swali la damu ya kahawia.

Damu ya Mzungu, Mhindi na Mwafrika inatofautiana rangi? Na makundi ya damu je?

Haitofautiani. A, B, AB na O ni alama zilizo juu ya seli nyekundu, hazionekani kwa macho wala kwa darubini ya kawaida. Weka mifuko minne ya makundi manne mezani, ukiondoa lebo hakuna mtu atakayeitambua kwa kuitazama.

## Kuchangia damu na maabara

Nilichangia damu, nikaona mfuko umejaa kitu karibu cheusi. Damu yangu ni chafu?

Swali hili ndilo linalotusikitisha kuliko yote, kwa sababu wapo walioacha kuchangia kwa ajili yake. Damu yako ni safi. Sindano ya mchangiaji huingia kwenye vena, na damu ya vena kwa asili imekolea. Halafu kuna unene: tone moja kwenye kitambaa cheupe mwanga unapita, lakini takriban mililita 450 zikikusanyika mfukoni mwanga unanyonywa karibu wote. Angalia mrija mwembamba unaotoka kwenye mkono wako. Damu iliyomo mle ni ileile, na inaonekana nyekundu wazi.

Wengine huuziwa dawa za "kusafisha damu" baada ya kuona weusi huo. Kazi ya kusafisha damu inafanywa na ini na figo, bila chupa ya mtu yeyote. Na damu iliyotumiwa na mwili haiitwi chafu: ile inayorudi kwenye vena za mtu aliyepumzika bado ina takriban robo tatu ya oksijeni yake.

Tone la damu yangu liliwekwa kwenye maji ya buluu, likaelea, nikarudishwa nyumbani. Maana yake nini?

Yale maji ni myeyusho wa salfeti ya shaba, na rangi yake haihusiani na damu yako. Kinachopimwa ni uzito. Myeyusho umetengenezwa kwa msongamano maalumu. Tone lenye hemoglobini ya kutosha huzama mara moja, lenye upungufu husitasita au huelea. Aliyerudishwa hakukosea lolote. Analindwa yeye, maana akitolewa damu upungufu utaongezeka. Nenda kituo cha afya upimwe kiwango kamili, kisha soma sehemu ya upungufu wa damu hapa chini.

Mwenye VVU au homa ya ini, damu yake inaonekana tofauti?

Haionekani tofauti hata kidogo. Virusi ni vidogo mno, na havigusi rangi ya hemoglobini. Hili tunaliandika kwa uzito kwa sababu bado kuna watu wanaomtazama mtu aliyejikata na kusema "damu yake nzuri, nyekundu safi", kisha wanamfunga jeraha kwa mikono mitupu au wanatumia wembe mmoja. Wekundu safi si cheti cha afya. Vaa glavu, au mfuko wa plastiki safi kama glavu hakuna.

Ndiyo maana pia Huduma ya Taifa ya Damu ya Uganda, yenye makao yake Nakasero jijini Kampala, haitazami rangi inapochuja damu. Kila mfuko hupimwa VVU, homa ya ini B, homa ya ini C na kaswende kabla ya kwenda hospitalini.

Mgonjwa wetu aliwekewa mfuko wa maji ya njano. Alidanganywa?

Hakudanganywa. Ile ni plazma, sehemu ya damu iliyo majimaji, na ni zaidi kidogo ya nusu ya ujazo wote. Damu ikizungushwa kwa kasi kwenye mashine hujipanga: seli nyekundu chini, utando mwembamba mweupe wa seli nyeupe na chembe za kugandisha damu katikati, plazma ya njano juu. Mgonjwa hupewa anachokikosa. Aliyevuja sana kwa sababu damu yake haigandi anaweza kuhitaji plazma. Mtoto mwenye malaria kali aliyeishiwa seli nyekundu anahitaji hizo nyekundu.

Plazma ikiwa nyeupe kama maziwa, mara nyingi mtu ametoka kula mafuta mengi au ana mafuta mengi kwenye damu. Ikiwa ya njano iliyokolea sana, ini lichunguzwe.

## Upungufu wa damu

Mtu anaweza kutambua upungufu wa damu kwa kuitazama?

Kwa kiasi fulani, ndiyo. Seli nyekundu zikipungua damu inakuwa nyepesi na rangi yake hufifia. Shirika la Afya Duniani liliidhinisha kadi yenye vivuli sita vya wekundu, kuanzia gramu 4 za hemoglobini kwa desilita hadi 14. Unadondosha tone kwenye karatasi maalumu, unasubiri lisambae, unalilinganisha na vivuli ukiwa kwenye mwanga mzuri. Inafaa pasipo na umeme wala mashine, lakini ni ya makadirio. Karatasi ya daftari haifai, na macho peke yake bila kadi hukosea sana.

Nyumbani, acha damu uangalie mwili. Vuta kope la chini la mtoto utazame nyama ya ndani, angalia ulimi, fungua kiganja ukilinganishe na chako. Kiganja kilichofifia kikawa cheupe, mtoto anapumua haraka na amelegea, hiyo si ya kusubiri asubuhi. Mama mjamzito huhesabiwa kuwa na upungufu akiwa chini ya gramu 11, na wengi hawahisi lolote hadi washuke sana, kwa hiyo kliniki ya wajawazito isirukwe.

Bitiruti, juisi ya rozela na soda nyekundu zinaongeza damu?

Rangi haihami kutoka kwenye glasi kwenda kwenye mshipa. Wekundu wa bitiruti ni rangi ya mmea iitwayo betanini, ambayo haina uhusiano na hemoglobini. Ukila nyingi, mkojo unaweza kuwa wa waridi na kukutisha bure. Bitiruti ni chakula kizuri, ina folati, ila chuma chake ni kidogo. Soda nyekundu ina sukari na rangi ya kiwandani, basi. Tumeona mama akitumia fedha ya maini kununulia soda ya mgonjwa, kwa upendo kabisa, na inauma.

Damu inajengwa kwa chuma, folati, vitamini B12 na protini. Sokoni kwetu vyote vipo: maini, nyama, mukene (dagaa), maharage, doodo (mchicha). Chuma cha maharage na mboga huingia mwilini kwa shida, lakini ukila na kitu chenye vitamini C, kama chungwa, embe au limau la kukamulia juu, kinaingia vizuri zaidi. Chai hufanya kinyume chake, hivyo kunywa saa moja au mbili baada ya chakula, si pamoja nacho. Aliyepungukiwa sana atahitaji vidonge vya chuma, au kutibiwa malaria na minyoo kwanza. Mnyoo wa safura hunyonya damu kila siku, na maini hayawezi kushindana naye.

Mwenye siko seli ana damu nyeupe?

Damu yake ni nyekundu. Katika ugonjwa huu, uitwao pia selimundu, hemoglobini ina hitilafu ya kurithi inayofanya seli zijikunje kama mundu oksijeni inapopungua, zikwame kwenye mishipa midogo na kufa mapema. Seli ya kawaida huishi siku 120 hivi. Hizi huishi siku 10 hadi 20. Kinachobadilika rangi ni macho, ambayo huwa ya njano, kwa sababu seli nyingi zinavunjwa kwa pamoja.

Uganda jambo hili linatuhusu sana. Mwaka 1949, Lehmann na Raper walichapisha vipimo vilivyoonyesha kuwa miongoni mwa Baamba wa Bundibugyo, magharibi mwa nchi, karibu watu 45 kwa kila 100 walibeba hitilafu hiyo. Uchunguzi wa watoto wachanga wa nchi nzima uliochapishwa mwaka 2016 ulikuta asilimia 13.3 wameibeba kutoka kwa mzazi mmoja. Mbebaji huyo hana dalili na damu yake haina tofauti ya kuonekana. Kipimo cha maabara tu ndicho hujibu, na ni vyema wachumba wapime kabla ya ndoa.

## Damu inapotoka

Damu ya hedhi kuwa kahawia au nyeusi ni ugonjwa?

Mara nyingi si ugonjwa. Siku ya kwanza na za mwisho damu hutoka polepole, hukaa ndani muda mrefu, na chuma kwenye hemoglobini kinabadilika hali hadi rangi inakuwa kahawia. Ni jambo lilelile linalofanya doa kwenye nguo lianze jekundu na kuishia kahawia. Si uchafu uliorundikana, wala haihitaji kuoshwa kwa dawa. Cha kukupeleka kituoni ni harufu mbaya, homa, maumivu makali, kujaza pedi kila saa, au damu yoyote baada ya kukoma hedhi au ukiwa mjamzito.

Choo changu ni cheusi. Je, ni damu?

Kwanza jiulize kama unameza vidonge vya chuma. Hivyo huweka choo cheusi, na hakuna ubaya. Kama humezi, na choo ni cheusi tititi kama lami, kinanata na kunuka vibaya, huenda damu inavuja tumboni: asidi na safari ya utumbo vimeibadilisha rangi. Matapishi yanayofanana na machicha ya kahawa yana maana hiyohiyo. Nenda hospitali siku hiyo.

Damu nyekundu wazi juu ya choo kwa kawaida hutoka karibu na njia ya haja kubwa, mfano bawasiri. Kwa wanaoishi kandokando ya Ziwa Victoria na Ziwa Albert, usisahau kichocho cha utumbo.

Mtoto ana malaria na mkojo wake ni kama kola. Tufanye nini?

Mpeleke hospitali sasa hivi. Seli nyekundu zinavunjika kwa wingi ndani ya mishipa, na hemoglobini inamwagika kwenye mkojo. Madaktari wa Uganda mashariki wameieleza hali hii kwa watoto wengi. Mtoto anaweza kuishiwa damu ndani ya muda mfupi na figo zikaumia. Chukua mkojo kidogo kwenye chupa safi uwaonyeshe.

Ajali ya boda boda: damu inayoruka ikiwa nyekundu sana ni hatari kuliko ile iliyokolea?

Inayoruka kwa mapigo na kung'aa imetoka kwenye ateri. Inayotiririka imekolea imetoka kwenye vena. Zote mbili huua zikiachwa. Usipoteze muda kuchunguza rangi: bandika kitambaa safi, kandamiza kwa nguvu bila kuachia, mpeleke.

Alama ya pigo hubadilika rangi kwa nini?

Damu iliyovilia chini ya ngozi inavunjwa hatua kwa hatua. Hemoglobini huzaa biliverdini ya kijani, kisha bilirubini ya njano. Ndiyo ile alama inayoanza ya zambarau, ikaelekea kijani, ikaisha njano. Kwenye ngozi nyeusi huonekana zaidi kama weusi wenye maumivu.

## Hali za nadra

Ni kweli moshi wa sigiri hufanya damu iwe nyekundu zaidi?

Ni kweli, na wekundu huo ni wa kifo. Makaa yakiwaka chumbani palipofungwa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Inashika hemoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na hemoglobini iliyoshikwa hivyo inang'aa. Mtu anakosa hewa huku damu yake ikionekana nzuri kupita kawaida. Usimsubiri awe mwekundu. Kwa aliye hai dalili hiyo ni nadra. Sikiliza kichwa kuuma, kizunguzungu, kutapika, hasa kama watu wawili au watatu wa nyumba moja wanaumwa pamoja. Toeni watu nje. Sigiri isilale ndani, hata usiku wa baridi wa Kabale, hata kama makaa yanaonekana kufifia.

Damu inaweza kuwa kahawia ikiwa bado mwilini?

Ndiyo, ikiwa chuma cha hemoglobini kimebadilika hali na hemoglobini ikawa methemoglobini, ambayo haibebi oksijeni. Husababishwa na baadhi ya dawa, mfano dapsoni, na kwa watoto wachanga na maji ya kisima yenye nitrati nyingi yanapokorogewa maziwa ya kopo. Wachache huzaliwa nayo. Damu hufanana na chokoleti. Kipimo cha haraka: dondosha tone kwenye karatasi nyeupe, kando yake dondosha la mtu mzima wa afya. La pili litang'aa likipata hewa. La kwanza litabaki kahawia. Dawa yake, cha ajabu, ni ya buluu: methilini buluu, itolewayo hospitalini tu.

Midomo ikiwa ya buluu, damu imekuwa buluu?

La. Damu iliyokolea kupita kiasi inaonekana hivyo kupitia ngozi, kwa sababu ileile ya mishipa ya mkono. Kwetu tazama ulimi na ufizi kuliko midomo. Na jihadhari: mtu aliyeishiwa damu sana anaweza kukosa oksijeni bila buluu kuonekana, maana hemoglobini yenyewe haitoshi kuionyesha.

Kile kifaa cha kubana kidole ili kupima oksijeni kinasoma rangi?

Ndiyo. Hupitisha mwanga mwekundu na ule usioonekana ulio chini ya mwekundu, kisha hulinganisha ulivyonyonywa. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2020 ulionyesha kuwa kwa wagonjwa weusi kifaa kilikosa kuona upungufu wa oksijeni mara nyingi zaidi, kikisoma juu kuliko ukweli. Tena kaboni monoksidi hukidanganya kabisa. Namba nzuri kwa mtu anayehema kwa shida isikutulize.

Wanyama gani wana damu isiyo nyekundu?

Pweza, kaa na konokono hutumia shaba badala ya chuma, na damu yao ikipata oksijeni huwa ya buluu. Hata yule konokono mkubwa wa shambani. Kuna mijusi wa New Guinea wenye damu ya kijani kwa wingi wa biliverdini, na samaki wa Antaktika ambao damu yao haina rangi. Nyungunyungu ni mwekundu kama sisi. Damu ya mende haina wekundu, wala ya mbu: ile nyekundu unayoiona ukimponda ukutani ameinyonya kwa mtu au mnyama mwingine.

Nimesikia mpiga mbizi akijikata chini ya maji damu ni kijani.

Huonekana hivyo baharini kwenye kina cha mita 20 na zaidi, kwa sababu maji yameshanyonya mwanga mwekundu wa jua kabla haujafika huko. Akiwasha tochi, anaiona nyekundu.